Nakala Isilale Nyumba Moja na Asili Yake

Kasaji ni mji wa reli. Njia ile itokayo Tenke, ikapita Kolwezi na Mutshatsha, kisha ikaelekea magharibi hadi Dilolo mpakani mwa Angola, ilikamilika mwaka 1931, na tangu wakati huo kila kitu chenye thamani katika mji huu, kuanzia magunia ya mihogo hadi barua za serikali, kimezoea kuhesabiwa, kuandikwa daftarini na kutiwa sahihi kabla hakijapakiwa. Daftari hizo sasa, kwa sehemu kubwa, zimehama kutoka karatasi kwenda kompyuta: ofisi ya ukanda wa afya huandika wagonjwa wa malaria, chanjo za watoto na akiba ya dawa, shule huandika alama za wanafunzi, mwenye duka la jumla huandika madeni, ushirika wa wakulima huandika kilo na malipo. Hao waliokabidhiwa amana za watu wengine ndani ya sanduku moja la chuma ndio niliowakusudia katika makala haya, wala si wahandisi wa makampuni ya shaba na kobalti kule Kolwezi, ambao wana mafungu yao ya fedha na mafundi wao wa kulala kazini.

Aghalabu karani akiulizwa kama hifadhidata yake ina nakala ya akiba, hujibu kwamba inayo. Na ukitaka kuiona, atakuonyesha flashi iliyochomekwa nyuma ya kompyuta ile ile, au diski iliyolala katika mtoto wa meza iliyoibeba kompyuta hiyo. Nakala ya namna hii itafaa siku diski ya ndani itakapochakaa, na kwa msiba mwingine wowote haitafaa kitu. Moto ukiingia chumbani, utavila vyote viwili. Mwizi akivunja mlango, hatachukua kompyuta akakuachia flashi. Paa likivuja usiku wa mvua kubwa ya Januari, maji hayachagui. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu una nakala ngapi, iulize kila nakala swali moja: ni msiba gani itakaoshiriki na asili yake, na ni upi itakaoepukana nao? Mtu akilishika swali hili na kuliuliza kwa ukaidi, tadbiri nzima ya kujikinga na maafa itamfunukia hatua kwa hatua, hata kama hajasoma kitabu chochote cha elimu ya kompyuta.

Tuanze na msiba ulio karibu zaidi, nao ni radi. Kongo ni miongoni mwa nchi zipigwazo sana na radi duniani. Kijiji cha Kifuka, katika milima ya mashariki, kwa miaka mingi kilitajwa kuwa cha kwanza ulimwenguni, hadi hesabu mpya za mwaka 2016 zilipolipa nafasi hiyo ziwa Maracaibo la Venezuela. Huku kwetu mkoani Lualaba, kuanzia Oktoba hadi Aprili, radi hushuka kwenye nyaya na minara, ikasafiri hadi ndani ya nyumba, na chochote kilichochomekwa ukutani, au kilichoungwa kwa waya na kitu kilichochomekwa ukutani, kimo hatarini. Jenereta nayo ina taksiri zake: umeme wake hupanda na kushuka, na unapobadilisha kutoka jenereta kwenda gridi, au kwenda paneli za jua, kuna mshtuko unaoweza kuiunguza diski wakati inaandika. Betri ya akiba yenye kinga ya mshtuko ni fedha iliyotumika vizuri. Lakini kinga iliyo bora kuliko zote haina gharama: nakala ikishakamilika, ichomoe. Diski isiyo na waya haijui kama kuna radi.

Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, aliyeandika kitabu juu ya kuhifadhi picha za kompyuta mwaka 2005, ndiye aliyeieneza kanuni ambayo mafundi wa dunia nzima huikariri hadi leo: nakala tatu za kila kitu, juu ya vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe mahali pa mbali. Kanuni hii ni njema nami naipendekeza kwa kila mtu, ila naona neno lake la mwisho huchukuliwa kijuujuu mno. Je, mbali ni wapi? Kwa mtu wa Paris pengine ni upande wa pili wa jiji. Kwa mtu wa Kasaji jibu la kwanza linalokuja ni Kolwezi, kwa kuwa ndiko liendako garimoshi, ndiko aliko binamu, ndiko ziliko benki. Na kwa msiba wa moto, wizi au radi, Kolwezi ni mbali ya kutosha kabisa.

Lakini historia ya reli hii ina somo lake. Mwezi Machi 1977 waasi wa Kikongo wa FNLC walivuka kutoka Angola wakaiteka miji iliyo kwenye njia hii mmoja baada ya mwingine, Dilolo, Kasaji, Mutshatsha, nao wakazuiwa kabla hawajaifikia Kolwezi. Tarehe 13 Mei 1978 wakarejea, safari hii kwa kupitia Zambia, wakaingia Kolwezi yenyewe, na siku sita baadaye askari wa miavuli wa Ufaransa wakaanza kushuka juu ya mji. Tazama basi: katika muda wa miezi kumi na minne, vita moja ilipita Kasaji bila kufika Kolwezi, na ya pili ikaangukia Kolwezi. Mtu ambaye karatasi zake zote zilikuwa katika miji hiyo miwili alikuwa amezigawa, naam, lakini alikuwa amezigawa juu ya uzi mmoja. Siandiki haya kwa kutabiri vita. Nayaandika kwa sababu mipango ya maafa hupimwa kwa yale yaliyokwisha kutokea mahali penyewe, na mahali petu yametokea. Kwa hiyo nakala ya karibu ikae Kasaji, lakini katika nyumba nyingine, tuseme parokiani au shuleni. Ya pili iende Kolwezi. Na angalau mara moja kwa mwezi iwepo nyingine inayokwenda Lubumbashi au mbali zaidi, nje kabisa ya uzi huo.

Wenye kuamini kwamba kulipia hifadhi ya mtandaoni kunawaondolea mashaka haya yote, na wasikilize habari ya Strasbourg. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 moto ulizuka katika vituo vya seva vya kampuni ya OVHcloud katika mji huo wa Ufaransa. Jengo moja liliteketea lote na sehemu ya jengo la jirani pia, na tovuti nyingi mno zikazimika kwa mkupuo. Wako wateja waliokuwa wakilipia huduma ya nakala za akiba, ambao walipokwenda kuzidai walifahamishwa kwamba nakala nazo zilikuwa mahali pale pale penye moto. Kwa hiyo unapolipia hifadhi ya namna hii, usiridhike na neno "mtandaoni". Uliza nakala inakaa katika mji gani, uliza kama iko nyingine katika mji mwingine, na jibu litolewe kwa maandishi. Kila wingu lina jengo lake ardhini, lenye paa na nyaya na mlinzi wa mlangoni.

Tena kuna shida ya njia. Mwaka 1975 vita vya Angola vilipoikata reli ya Benguela, manganizi ya Kisenge, jirani zetu hapa, ilikosa njia ya kwenda bandari ya Lobito, na hapakuwa na hila ya kuisafirisha kwa faida kwa njia nyingine. Data hazina uzito wa manganizi, lakini nazo zina njia zao, na njia hizo ni chache kuliko tudhanivyo. Mnamo Agosti 2023 mporomoko wa udongo chini ya bahari, katika lile korongo kubwa linaloanzia mlangoni mwa mto Kongo, uliikata kebo ya WACS, ambayo wakati huo ndiyo iliyoingia nchini mwetu kwa Muanda, na ile ya SAT-3 pamoja nayo. Intaneti ikawa nzito katika nchi kadhaa kwa wiki nyingi, maana meli ya kutengeneza ilibidi itoke mbali. Ambaye nakala yake ya pekee ilikuwa ng'ambo alikuwa nayo bado, ila hakuweza kuivuta kwa urahisi siku ile aliyoihitaji.

Na hata njia ikiwa salama, fanya hesabu kabla ya kuitegemea. Tuseme hifadhidata yako pamoja na picha zake imefika gigabaiti 10, na mkondo wako wa intaneti, siku ukiwa mzuri, hupandisha megabiti 2 kwa sekunde. Kuipeleka yote kutachukua saa kumi na moja bila kukatika, na nani kati yetu amewahi kupata saa kumi na moja bila kukatika? Kwa hiyo nakala ya kwanza, iliyo kamili, ipelekwe kwa mkono, katika diski ndani ya begi la mtu mwaminifu apandaye garimoshi. Baada ya hapo mtandao upelekewe mabadiliko ya kila siku tu, ambayo aghalabu ni madogo. Ziko programu za bure zinazoifanya kazi hii vizuri, kama rsync na restic, nazo zikikatizwa njiani huendelea bila kuanza upya kila kitu. Msafiri akifika, apige simu. Na anayepokea aandike katika daftari siku, saa na alama ya diski. Mwendo wa begi ni wa polepole, lakini haujali korongo la baharini.

Sasa nije kwenye msiba ambao wengi hawaufikirii, kwa kuwa hauna moshi wala kelele. Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu iliyopewa jina la NotPetya ilienea kutoka Ukraine ikaingia katika makampuni makubwa ya dunia, mojawapo likiwa Maersk, lenye meli na bandari kila bahari. Kampuni hiyo ilikuwa na seva zipatazo mia na hamsini za kuwatambua watumiaji wake, na seva hizo zilikuwa zikipashana habari daima, kila moja ikiwa ni nakala ya mwenzake. Kwa mpango huo walijiona wamekingika, wala hawakuziwekea nakala nyingine. Programu ile ilipopita, ilizifuta zote, kwa sababu waya uliozilinganisha ndio huo huo ulioupeleka ugonjwa. Zote isipokuwa moja: iliyokuwa Ghana. Nayo ilinusurika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika pale kabla ya mashambulizi, ikawa haimo mtandaoni. Kwa mujibu wa habari zilizochapishwa baadaye, mkondo wa intaneti wa Ghana ulikuwa mwembamba mno kuweza kuipeleka data ile Uingereza, hata ikabidi diski ichukuliwe kwa ndege, ikakabidhiwa mkono kwa mkono kule Nigeria, ndipo ikafika London. Sisi ambao tumelizoea shirika la umeme la SNEL na mikato yake tunaweza kutabasamu kidogo, na tabasamu hilo ni halali. Lakini nasaha yake ni ya maana: kulinganisha si kuhifadhi. Folda inayojinakili yenyewe kwenye kompyuta ya pili kila dakika itanakili pia kufutwa, kuharibika na maradhi. Ni lazima iwepo nakala moja, wakati wote, isiyounganishwa na chochote; na kama una diski tatu za zamu, mwiko mkubwa ni kuzichomeka zote siku moja.

Na mkono wa mtu je? Nadhani huu ndio unaoharibu zaidi kuliko radi na moto vikijumlishwa, na aibu huufanya usitajwe. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 mhandisi mmoja wa kampuni ya GitLab, akiwa amechoka na akijaribu kutengeneza hitilafu, alifuta hifadhidata kuu akidhani yuko katika seva nyingine. Kampuni ilikuwa na njia tano za kuweka nakala, na walipozijaribu, hakuna hata moja iliyokuwa imefanya kazi kama ilivyokusudiwa: mojawapo ilikuwa ikishindwa kila siku kwa sababu programu ya kunakili haikulingana na toleo la hifadhidata, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa njiani, hivyo hapana aliyezisoma. Waliokolewa na picha ya data ambayo mtu aliipiga saa sita kabla kwa haja nyingine kabisa, na kazi ya saa hizo sita ikapotea. Hawa ni wataalamu wenye mishahara minono. Karani wa Kasaji asijione salama kwa sababu tu kijitaa kinawaka.

Makosa ya mkono yana hila moja mbaya: mara nyingi hugunduliwa kwa kuchelewa. Mtu anafuta orodha ya chanjo za kijiji kizima mwezi wa Machi, na hakuna anayetanabahi hadi ripoti ya Juni. Ikiwa nakala ya leo huandikwa juu ya ile ya jana, basi kufikia Juni kosa limejaa katika kila diski. Kwa ajili hiyo mafundi hupanga nakala kwa vizazi, mwana, baba na babu: za kila siku hudumu wiki moja, za kila wiki hudumu mwezi, za kila mwezi hudumu mwaka, na ile ya mwisho wa mwaka haifutwi. Kwa hifadhidata ndogo, gharama ya mpango huu ni diski chache tu.

Juu ya namna ya kunakili nitasema kwa ufupi, kwani maelezo yake hutofautiana kwa kila programu. Usilinakili faili la hifadhidata huku hifadhidata yenyewe ikifanya kazi. Utapata kitu kinachofanana na nakala, ambacho siku ya haja hakitafunguka, kwa kuwa nusu yake ni ya kabla na nusu ni ya baada ya maandishi ya mwisho. Tumia chombo kilichowekwa kwa kazi hiyo: pg_dump kwa PostgreSQL, ambayo ndiyo inayobeba DHIS2, mfumo wa takwimu wa ofisi za afya, na mysqldump kwa MySQL, ambayo hubeba programu nyingi za zahanati na maduka. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi na siku. Nakili pia mafaili ya mipangilio na programu yenyewe ya kuisimika, kwa maana siku ya maafa huenda intaneti isiwepo ya kuipakua upya. Na angalia flashi: nyingi huja zikiwa zimeandaliwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, basi nakala hukatikia katikati na asiyesoma onyo hujiona amemaliza. Kadhalika flashi na diski zisizo na sehemu inayozunguka hupoteza kumbukumbu polepole zikikaa muda mrefu bila umeme, na joto chini ya bati huharakisha upotevu huo; kwa akiba ya miezi na miaka napendelea diski ya aina ya zamani inayozunguka, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Sasa, nakala iliyo mbali iko mikononi mwa mtu mwingine, na ndani yake mna majina ya wagonjwa na madeni ya majirani. Ifungwe kwa fumbo kabla haijatoka nyumbani. Sheria ya namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, yaani kanuni ya nchi yetu juu ya mambo ya dijiti, ina sehemu nzima juu ya kulinda data za watu. Lakini hata isingekuwepo, karani mwenye murua asingekubali siri za mgonjwa zisafiri uchi ndani ya begi. Ugumu uko kwenye ufunguo. Neno la siri likijulikana na mtu mmoja, na mtu huyo akafariki, au akapata kazi mgodini akahamia Kolwezi, kama wafanyavyo vijana wetu hodari kila mwaka wala hatuwezi kuwalaumu, basi nakala zote zimegeuka kuwa kelele tupu. Liandikwe juu ya karatasi, litiwe katika bahasha mbili zilizofungwa kwa lakiri, moja ikae kwa mkuu wa kazi na nyingine mahali pasipokaa diski yoyote.

Lualaba ina mfano mkubwa wa shida hii ya ufunguo. Ramani na ripoti nyingi za wanajiolojia wa zama za ukoloni, zilizochora madini ya ardhi hii tunayoikanyaga, zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Zimeepukana na vita vyetu vyote, na mtu wa nyaraka hawezi kukana kwamba zimetunzwa. Lakini Mkongo anayezihitaji huomba ruhusa kwa mgeni ili asome habari za nyumbani kwake. Nakala ya mbali ambayo ufunguo wake umeshikwa na mwingine imekwepa msiba mmoja ikaingia katika mwingine, nami namshauri kila anayetaka kuweka data zake kwa kampuni ya nje aulize mapema: nikishindwa kulipa mwezi mmoja, au nikitaka kuondoka, nitapewa vyangu kwa muda gani, na kwa umbo gani?

Lipo swali ambalo fundi hawezi kulijibu peke yake, nalo linawahusu wakuu: tunakubali kupoteza kazi ya muda gani, na tunaweza kukaa muda gani bila mashine? Duka la jumla likipoteza nusu siku ya madeni litapigana na wateja mwezi mzima. Shule ikipoteza wiki moja katikati ya muhula itaandika upya bila kilio. Hospitali haiwezi kungoja siku tatu diski ije kutoka Lubumbashi. Basi iwe na fomu za karatasi zilizochapwa tayari, na kila jioni ichape orodha ya wagonjwa waliolazwa na dawa zilizobaki. Karatasi hiyo nayo ni nakala, tena haihitaji umeme wala neno la siri. Majibu ya maswali haya ndiyo yanayoamua kama unakili kila saa au kila Ijumaa, na ni vema yaandikwe na kutiwa sahihi, ili siku ya lawama ijulikane ni nani aliyeona kwamba wiki moja yatosha.

Limebaki jambo moja, na ndilo linaloachwa zaidi: mazoezi ya kurejesha. Wakati wake bora kwetu ni Agosti, mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua za kwanza hazijaleta radi. Chukua kompyuta nyingine, hata ya kuazima, isiyo na chochote cha kazi ndani yake. Agiza diski ya Kolwezi ije, wala usiichukue ile iliyo karibu kwa kuwa ni rahisi. Vunja lakiri ya bahasha moja. Mkabidhi kazi mtu asiyeuzoea mfumo huo, akifuata maelezo yaliyoandikwa tu, na yule aliyezoea akae kando na asifungue mdomo. Kila pale msomaji wa maelezo atakapokwama ndipo penye upungufu wa maelezo. Hifadhidata ikifunguka, msiridhike na kuuona ukurasa wa mbele: mtafuteni mgonjwa mmoja wa mwaka juzi, deni moja la mwezi uliopita na malipo ya siku moja kabla ya nakala, mkavilinganishe na karatasi. Halafu andikeni daftarini saa mliyoanza, saa mliyomaliza na kila kilichokosekana, fungeni bahasha mpya yenye neno jipya, na diski irudi Kolwezi kwa garimoshi lijalo.